Jivu la Mama Chembe

Hapo zamani za kale, wanangu, sogeeni huku mjifunike miguu, wanyama walikuwa na nyumba na majiko na bustani kama sisi, na kipupwe kilikuwa kikali kuliko hiki, asubuhi unaamka nyasi nyeupe pee kwa umande ulioganda, ukizikanyaga zinalia kacha! kacha!

Huko milimani aliishi Kindi, mama mdogo, mwembamba, mkia tu ndio mkubwa. Mumewe alichukuliwa na mwewe wakati wa mavuno, mchana kweupe, fyuu! basi, hata wa kuzika hakuna. Akaachiwa mtoto mmoja anayekohoa, jina lake Chembe, na bustani ya udongo mweusi nyuma ya nyumba, yenye mipichi pembeni.

Sasa sikilizeni desturi ya kule, maana hadithi yote imekaa hapo. Kipupwe kule hakikuwa cha kulala. Kilikuwa cha kuandaa bustani ingojee mvua: unageuza udongo ili baridi iue wadudu, unatia samadi, unapogoa miti, unafunika matuta kwa nyasi kavu. Ukimaliza yote unaifunga, yaani unanyunyiza jivu la jiko lako mwenyewe, matuta yote, hadi mpakani. Mawingu ya kwanza yakitokea, Mjumbe Nyati anapita kukagua. Bustani iliyokutwa haijaandaliwa anapewa mwingine. Iliyoandaliwa ni ya mwenye jivu.

Mmeshika? Mwenye jivu.

Basi kipupwe kilipoanza, Kindi akasikia nje kwatu! kwatu! kwatu! Alikuwa Ngiri, jirani, pembe za mdomoni kama miundu, na nyuma yake rafiki yake Fisi, anachekacheka.

"Hodi, shemeji!" Alimwita shemeji kwa sababu zamani alikuwa akija kula kwa mumewe.

"Karibu, shemeji."

"Sikai. Nimekuja kuazima jembe."

Jembe lilikuwa moja tu. Kindi akataka kusema hapana, akatazama zile pembe, akamtazama Chembe amelala, na mkono wake wenyewe ukalinyanyua jembe ukalitoa.

"Utalirudisha lini, shemeji?"

"Mvua ikinyesha," akasema Ngiri, na Fisi akaangua kicheko, hi hi hi hiii!

Hapo Kindi akaelewa. Bila jembe hatageuza udongo, udongo usipogeuzwa Mjumbe atamnyang'anya bustani, na bustani ikienda, Chembe atakula nini? Akakimbia kwa Mama Kanga, jirani wa upande wa pili.

"Shoga, niazime jembe lako, hata la kuvunjika."

"Ai! Na Ngiri akijua?" Mama Kanga akatazama huku na huku, shingo inazunguka. "Mimi nina watoto, mwenzangu."

"Na mimi?"

"Pole, lakini." Akafunga mlango, ko!

Kindi akarudi kwenye bustani akaanza kukwangua kwa kucha. Udongo umeganda kama jiwe. Akakwangua mpaka vidole vikatoa damu, na alipoinua kichwa alikuwa amefanya mahali pa kutosha mche mmoja wa kabichi. Ndani mtoto anakohoa, koho! koho! Akaketi pale pale akalia, na akiwa analia akawaza, akili yake ikakimbia kama yeye anavyokimbia juu ya tawi. Ngiri hapiki. Fisi hapiki. Hawa wamekula vya wenzao maisha yao yote, hawajawahi kuwa na bustani, na siku ya ukaguzi huwa wamelala.

Akajifuta machozi. Kisha akayarudisha, maana alikuwa anayahitaji, akaenda nayo kwa Ngiri.

"Shemeji, nimeshindwa! Bustani chukua wewe. Bora wewe kuliko Mjumbe aje ampe mtu nisiyemjua."

Ngiri akafurahi hadi mkia ukasimama wima. "Si nilikwambia, Fisi? Si nilikwambia?"

"Ulisema, kaka! Hi hi hi!"

"Ila iandae sasa hivi, shemeji," akasema Kindi. "Ukingoja ukaguzi, mvua itakukuta bado unalima, wenzako njegere zao zimeshaota. Mimi nitakuonyesha kazi. Naomba kitu kimoja tu, mtoto anaumwa kifua, niachie jiko. Siku ya ukaguzi ikipita nitaondoka kwenda kwetu."

"Jiko?" Ngiri akatema mate, ptu! "Nina haja gani na moshi wako? Kaa na jiko lako! Jiko ni lako, majivu yako, masizi yako! Mama Kanga, unasikia huko dirishani? Nimempa jiko! Watu wasije wakasema Ngiri hana huruma!"

"Nimesikia!" akajibu Mama Kanga, maana alikuwa dirishani kweli.

Kesho yake kazi ikaanza. Wanangu, Ngiri alilima! Jembe alilolichukua likawa dogo kwake, akalitupa, akapiga magoti, akazamisha pembe, vuu! vuu! mabonge yanaruka. Kila alipokuta funza alimla, nyam, akazidi kuchimba.

"Pale kwenye kona, shemeji," anasema Kindi mlangoni, mtoto mgongoni. "Kona ndiyo yenye funza wanono."

"Nyamaza, naona mwenyewe!" Vuu!

Fisi akatumwa samadi kwa tenga kutoka zizini kwa Nyati, anapanda kilima, anashuka, anapanda, ulimi nje. "Kaka, kwani lazima iwe nyingi hivi?"

"Muulize mwalimu wako," anasema Ngiri.

"Lazima," anasema Kindi. "Udongo mweusi una njaa."

Wakapogoa mipichi, yaani Ngiri aliishika kwa meno na kuikata, matawi yakaanguka, na Kindi akayaokota yote kuwa kuni. Wakakata nyasi kavu wakafunika matuta. Kila jioni Ngiri anapita mbele ya jiko anajipiga kifua, "Mwakani nitakula hapa kama mfalme!" na Kindi anachochea moto kichwa chini, anaogopa uso wake usije ukasema kitu. Alikuwa halali vizuri. Usiku mtoto akikohoa anaamka, na mtoto asipokohoa anaamka zaidi.

Asubuhi moja alikuwa anazoa jivu analitia chunguni, kivuli kikaziba mlango.

"Unafanya nini?"

"Jivu, shemeji."

"Naona ni jivu. La nini?"

Mkono wake ukaanguka kwenye sufuria lililokuwa karibu, akalishika, akachota jivu kidogo, akaanza kusugua, kra kra kra. "Nasugulia sufuria. Nitaendaje kwetu na sufuria jeusi? Watasema nimeolewa na wachawi."

Ngiri akamtazama. Akamtazama tena. Kindi anasugua, hapumui.

"Wanawake!" akasema Ngiri, akaondoka.

Kindi alisugua lile sufuria mpaka likawa kama mwezi, Ngiri asije akarudi akalikuta jeusi.

Siku mawingu ya kwanza yalipotokea mlimani, Ngiri akauliza, "Ndiyo basi, au kuna kingine?"

"Ndiyo basi, shemeji. Mjumbe anapita kesho. Nenda kapumzike, umechoka."

Alfajiri, nyasi bado nyeupe, Ngiri akiwa shimoni kwake anakoroma, koroo! koroo!, Kindi akamfunga Chembe mgongoni, akamwambia, "Usikohoe, mwanangu, meza kikohozi," akatoka na chungu. Akanyunyiza jivu tuta kwa tuta, hadi mpakani, mbio mbio, na mtoto akameza kikohozi mpaka macho yakamtoka.

Jua lilipochomoza Mjumbe Nyati akaja, mzito, mvivu, anataka kumaliza akale. Ngiri alishasimama mpakani na Fisi, wameoga.

"Mmh! Bustani nzuri. Nani kaandaa?"

"Mimi, Mjumbe!" Ngiri akanguruma.

"Jivu la nani?"

"Ji... nini?"

"Jivu, bwana! Bustani imefungwa kwa jivu la nani?"

Ngiri akamgeukia Fisi, Fisi akamgeukia Ngiri. Fisi akachomoka mbio hadi nyuma ya kichaka, akarudi na kitu cheupe kiganjani, kama unga. "La kaka hili hapa, Mjumbe!"

Nyati akainama akanusa. "Puuh! Huyu ananiletea kinyesi chake!"

Watu waliokuwa wamekusanyika wakacheka, na kweli, kinyesi cha fisi ni cheupe mpaka leo kwa mifupa anayokula.

"Ngiri, una jiko?"

"Sina, lakini..."

"Jiko liko kwangu," akasema Kindi. Sauti ilitoka nyembamba kama uzi, lakini ilitoka. "Lina moto. Njoo ulione. Na shemeji mwenyewe alisema jiko ni langu na majivu ni yangu, Mama Kanga alisikia."

Wote wakamgeukia Mama Kanga. Akamtazama Ngiri, akamtazama Mjumbe, akaona nani mkubwa. "Nilisikia."

"Basi bustani ni ya Mama Chembe," akasema Nyati.

"Nimelima mimi!" Ngiri akalia. "Tazama magoti yangu!" Na magoti yalikuwa yamechubuka yakaota sugu, na sugu hizo anazo hadi leo, na hadi leo hula amepiga magoti.

"Umemsaidia mjane. Vizuri sana," akasema Nyati, akaenda zake kula. Hakuuliza jembe la mjane liko wapi. Hakuuliza vidole vyake vina nini.

Watu wakashangilia. Mama Kanga akaja mbio, "Hongera, shoga! Mimi nilijua tu utaweza!" Kindi akamtazama, akasema ahsante, kwa sababu nyumba zao zimepakana na mlango mwingine hakuna.

Wote walipoondoka Ngiri akabaki. Akasogea karibu, pumzi yake ya moto masikioni kwa Kindi.

"Kipupwe kijacho, shemeji," akasema polepole, "nitakuja na jiko langu."

Kwatu, kwatu, kwatu, akaenda.

Mvua ikanyesha. Njegere zikaota, Chembe akala akashiba, akanenepa kidogo, akauliza, "Mama, si tumeshinda?" Kindi akasema tumeshinda, kula. Kisha akaenda kwenye matope akalitafuta jembe lake pale Ngiri alipolitupa, akalipata limepinda, akakaa mlangoni na jiwe akaanza kulinoa, mvua inanyesha, kipupwe kijacho bado mbali, na yeye ananoa.

Hapo ndipo nilipomwacha, wanangu, na fundisho lake ni hili: mnyonge akimshinda mwenye nguvu kwa akili, asilale, maana mwenye nguvu naye amejifunza.