Sultani Aliyeumwa Kichwa Akashindwa Kuketi

Wewe unayetabasamu hapo, ukichanika tupu ya nyuma utamwambia nani? Haya, sema. Unaona? Umenyamaza, na wala huna kiti cha enzi cha kukulindia aibu.

Hapo zamani, katika mji wa Mtangani, Sultani Shekuwe alishindwa kuketi. Kila akijaribu, uso ulimkunjamana akainuka tena. Na ada ya mji ule ilikuwa Sultani akiwa wima, hapana mtu wa kuketi mbele yake. Basi baraza zima likasimama siku tisa. Waziri akawa asinzia wima kama punda, na Mzee Kombo, mpiga siwa, ile baragumu ya kifalme, akavimba miguu hata viatu vikamkataa.

Watu wakauliza, "Maulana waumwa nini?"

"Kichwa," akajibu Sultani. "Na atakayetaja mahali pengine atakatwa ulimi."

Waganga wakakifukiza kichwa, wakakifunga hirizi, ikawa kazi bure.

Mzee Kombo alikuwa na binti, Mize, dobi asiye na hata doti ya pili ya kanga. Yeye ndiye aliyefua vikoi vya Sultani, na vile vitone vya damu mbichi alivijua. Mchaniko wa namna hiyo ulimpata mwenyewe alipojifungua. Alipoiona miguu ya babake, akaenda barazani.

"Maulana, dawa ninayo. Kichwa kikae katika maji ya vuguvugu robo saa, asubuhi, adhuhuri na jioni. Mgonjwa anywe maji mengi, ale mchicha, kunde na papai. Haja ikibisha aifungulie, wala asijikamue."

Waziri akang'aka, "We mwanamke! Kichwa na kujikamua wapi na wapi?"

"Bwana Waziri, mimi dobi tu. Aliyesema kichwa ni Sultani. Wamwita mwongo?"

Waziri akaagiza maji ya vuguvugu. Likaletwa beseni, na askari wawili wakakizamisha kichwa cha kifalme hata masikioni.

"Robo saa," Mize akawakumbusha. "Msimwonee huruma, ni dawa."

Sultani akachomoka akitapatapa, kilemba kikielea. "Utaniua! Si huko!"

"Ni wapi basi, Maulana? Ulimi ninao mmoja tu."

Sultani akatazama huku na huku, akalivuta beseni, akalikalia na kikoi chake. Polepole uso ukamkunjuka. Akashusha pumzi ndefu, na baraza zima likaporomoka chini kama magunia, Mzee Kombo wa kwanza.

"Alhamdulillahi," akanena Sultani. "Chukua utakacho, uende zako."

"Siendi. Maji yatapoza, lakini kidonda kina chanzo chake. Ukirudia, kitarudi, na babangu atasimama tena. Ulifanya nini?"

Waziri akawa ahesabu boriti za dari.

"Nilibana," akasema Sultani, kwa sauti ndogo, kisha kwa kubwa. "Walipokuja wajumbe wa ugenini kunitazama, siku nne nilikula nyama tupu, nikajinyima maji, nikabana, wasije wakajua kwamba Sultani naye huenda chooni. Siku ya tano nikajikamua kama ninayefukuza adui mjini. Nimejichana mwenyewe."