Kona ya Gumangan

Wahenga waliposema kuhusu ufa na ukuta, hawakuwa na mawe tu akilini. Kuna ufa uingiao kati ya mzazi na mtoto, na huo hauonekani mpaka mvua inyeshe.

Katika kijiji cha Imbalung, kwenye milima ya Ifugao, mashamba ya mpunga yamepandana kama ngazi, kila moja likishikiliwa na ukuta wa mawe usio na saruji. Hakuna aliyeijua kazi ya kuta hizo kama Tayaban. Gumangan, mwanawe wa kwanza na mrithi wa mashamba kwa desturi yao, aliipenda kazi hiyo kama samaki apendavyo maji. Wenzake wa miaka ishirini waliteremka kutafuta ajira, yeye akabaki na matope yake. Kila alfajiri alipita ukutani akiziba matundu ya minyoo kwa udongo.

Lakini kila jiwe aliloliweka, baba yake aliligonga kwa fimbo, akalisikiliza, kisha akaling'oa na kuliweka upya mbele ya majirani waliokuja kusaidiana kazi.

"Gumangan, unajenga ukuta au unawajengea minyoo nyumba?" Balogan, jirani yao, alimtania siku moja. Watu wakaangua kicheko. Gumangan naye alicheka, ila macho yake hayakucheka.

Jioni ile Bibi Indunya alimwekea mjukuu wake ukoko wa wali aupendao, kisha akamgeukia Tayaban.

"Mwanangu, jiwe la leo lilikuwa na kosa gani?"

"Halikuwa na kosa."

"Sasa ukaling'oa kwa nini?"

"Asije akavimba kichwa. Kwani marehemu baba alinisifu lini, mama?"

"Ndiyo maana siku tuliyomzika ulilia, ukaniuliza kama alikupenda."

Tayaban akainuka, akaenda kuangalia kuku.

Mwezi huo wajenzi wa barabara walifika bondeni. Msimamizi wao alimwona Gumangan akipanga mawe, akamwambia, "Mkono wako mzuri, kijana." Neno hilo moja lilimwingia kama maji kwenye ardhi kavu. Akapewa kazi mbali kusini, kwa miaka mitatu. Asubuhi ya safari alisimama mlangoni na mfuko wake.

"Baba, ukisema nibaki, nabaki."

"Nani amekufunga kamba?" Tayaban alijibu bila kuinua macho.

Bibi alimfungia wali kwenye jani la mgomba, akamshika mkono mpaka gari likaondoka.

Mvua zikaja. Hakukuwa tena na wa kupita ukutani alfajiri, na magoti ya Tayaban yalikuwa mabovu. Tundu la upana wa kidole likawa mfereji. Siku ya nne ukuta ukapasuka, mashamba matatu yakaporomoka pamoja na miche yake.

Kona moja tu ya chini ilibaki, imeota kuvu ya kijani. Gumangan aliijenga akiwa na miaka kumi na minne, baba yake akiwa kitandani na homa, kwa hiyo haikuwahi kuwekwa upya. Tayaban aliigonga kwa fimbo mwanzo hadi mwisho. Haikutoa mlio wa utupu hata mahali pamoja.

Akampigia mwanawe simu.

"Kona yako ya chini imesimama. Uliijenga vizuri."

 Gumangan akasema taratibu, "Baba, neno hilo nimelingoja miaka sita. Ningelisikia pale mlangoni, nisingepanda gari. Sasa nimeshatia saini, na watu wa huku wananitegemea. Nisamehe."

Siku iliyofuata Bibi Indunya, mgongo umepinda, alimpelekea mwanawe mawe moja moja. Tayaban aliweka jiwe la kwanza, akaligonga, akageuka kumpa Gumangan fimbo naye aligonge. Nyuma yake alikuwapo mama yake tu. Akaendelea bila mwanawe, na magoti yale mabovu, kwa maana usipoziba ufa, utajenga ukuta.