Vitumbua vya Mtani

Mtego hauna macho. Mwenye macho ni yule anayeutega, naye akishautega huenda zake, akidhani kamba na kijiti alivyoviacha nyuma vinamjua adui yake kwa sura. Havimjui. Ndiyo maana wahenga, watu waliotega sana na kujuta sana, walituachia usemi wao juu ya mtego wa panya, wakimaanisha kwamba baya analoandaliwa mmoja huweza kumwangukia hata asiyehusika. Benedikto aliufahamu usemi huo tangu utotoni. Aliuimba darasani, akauandikia insha, mwalimu akamsifu. Lakini kuijua methali hakumzuii mtu kuitimiza.

Benedikto alikuwa Mluguru wa milimani. Shamba la kwao, juu ya Mkuyuni, lilikuwa limechoka hata mihogo ikitoka myembamba kama vidole. Basi aliteremka na mkewe Paskalia na binti yao Neema hadi bondeni, upande wa Kisaki, katika kijiji kilicho kando ya Ziwa Lumba. Huko alipata kipande cha mbuga cha kulima mpunga, kilichopakana na matete ya ziwa. Ziwa lenyewe si kubwa, lakini lilikuwa na ndege utadhani wamealikwa karamu: mwari, mnandi, yangeyange, korongo, na juu ya mti mkavu katikati ya maji, jozi ya kwazi, wale tai wala-samaki, ambao kilio chao kiliwaamsha watu kabla ya jogoo.

Kijiji kilikuwa kimekubaliana kuwalinda ndege hao. Haikuruhusiwa kuwinda wala kuvunja viota, na atakayetia sumu angenyang'anywa shamba na kukabidhiwa polisi. Wageni walikuja na darubini shingoni kuwatazama, na aliyewazungusha kwa mtumbwi wake alikuwa Kibwana, mtani wa Benedikto.

Hapa tusimame kidogo, maana utani huu ndio uliobeba msiba wote. Kibwana alikuwa Mwislamu na Benedikto Mkatoliki, ila koo zao zilitaniana tangu enzi za mababu. Kwa mila, mtani huingia jikoni mwa mtani wake, akafunua chungu, akachukua apendacho na kuondoka nacho akicheka. Mwenye chungu hana ruhusa ya kununa. Akinuna, aibu ni yake. Na siku ya kifo ni watani hao hao wanaowachekesha wafiwa. Hulala mlangoni kulizuia jeneza, wakamsuta marehemu kwa kuondoka bila kuaga, na lolote watakalosema siku hiyo huhesabiwa kuwa mzaha.

Wawili hao walikuwa chanda na pete. "Msielekeze darubini kwa yule," Kibwana aliwaambia wageni kila walipompita Benedikto shambani. "Mtaandika kwamba mmeona ndege mpya mwenye sura mbaya." Benedikto naye alijibu kwamba afadhali ndege mwenye sura mbaya kuliko mvuvi anayeogopa samaki. Chausiku, mke wa Kibwana, alicheka mpaka akajishika mbavu.

Mwaka ule mvua zilianza vizuri. Benedikto alitupa mbegu yake ya mpunga katika maji ya mbuga, na jioni hiyo hiyo bata-mwitu wakashuka kwa miluzi na kuifagia. Alitupa tena, mbegu ya mwisho aliyokuwa nayo. Kibwana alikuja kumsaidia kupiga madebe, wakapiga mpaka mikono ikafa ganzi. Bata waliruka, wakazunguka juu ya ziwa, kisha wakarudi na jamaa zao.

"Vumilia, mtani," Kibwana alimwambia. "Sensa ya ndege ni kesho kutwa. Bi Prisca, yule mtaalamu wa ndege kutoka mjini, anakuja kuwahesabu. Ikimalizika, mimi mwenyewe nitasimama mkutanoni nidai kijiji kikupe walinzi wa shamba."

"Ndege wana walinzi," Benedikto alijibu kwa uchungu. "Mimi mwenye mtoto wa kulisha sina."

Na hilo, tuseme ukweli, halikuwa neno la kipumbavu. Mtu aliyeona mbegu yake ya mwisho ikimezwa mbele ya macho yake ana haki ya kulalamika. Ila kulalamika kunataka subira, na Benedikto subira ilikuwa imemwisha. Alikuwa na chupa ya dawa aliyouziwa na mchuuzi mmoja mjini, chupa isiyo na karatasi ya maelezo. Dawa hiyo haikuwa na harufu wala rangi. Alijisemea moyoni, liwalo na liwe.

Kesho yake mchana alipanda kwenye dungu, kile kibanda cha miti cha kulindia ndege pembeni mwa shamba, akaroweka mchele katika dawa ile. Alipokwisha kuumwaga maji, akaugawa. Nusu aliibeba ndani ya ndoo kwenda kuitawanya kando ya matete. Nusu aliiacha kwenye ungo, juu ya dungu, ijichuje, akaifunika kwa kanga kuukuu ya Paskalia. Hakuona ubaya wowote katika hilo. Hakukumbuka kwamba katika nchi hii, mtu akiona mchele uliorowekwa umeanikwa kwenye ungo na kufunikwa kanga, hana haja ya kuuliza. Huo ni mchele wa vitumbua.

Aliporudi, ungo ulikuwa mtupu, umegeuzwa chini juu. Kanga ilikuwa imekunjwa vizuri pembeni.

"Ngedere hawa!" Benedikto alifoka, akitazama mitini. Kanga iliyokunjwa aliiona, lakini hasira ilikuwa imemziba macho. "Haya, aliyekula na ale! Atajua mwenyewe."

Alfajiri alirauka kuwaokota bata waliokufa kabla watu wa sensa hawajafika. Aliwakuta wamelala kifudifudi katika maji, mabawa yametandazwa. Aliwajaza kwenye gunia na kuwafukia nyuma ya shamba. Wengine walikuwa wameruka na sumu tumboni kwenda kufia mbali ziwani, na hao hakuweza kuwafuata. Alinawa, akarudi nyumbani, akakaa kizingitini na Neema. Paskalia alikuwa amepanda Mkuyuni kumuuguza mama yake.

Hapo ndipo Kibwana alipotokea, bakuli mkononi, akiimba. Nyuma yake, ufukweni penye mtumbwi, Bi Prisca na wenzake walikuwa wakipakia vifaa vyao.

"Hodi kwa mchoyo!" Kibwana aliita.

"Shikamoo, baba," Neema alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Baba yako ni mnyimi, unajua? Anaroweka mchele wa vitumbua kule dunguni kwa siri, jirani zake wasijue. Nimeukwapua wote jana. Chausiku ameutwanga, ameumua, asubuhi hii ameukaanga kwa nazi na iliki. Haya, mtani, kula mchele wako mwenyewe! Mimi nimekwisha kula vitano."

Alifunua bakuli. Vitumbua vilikuwa vya moto, vimeiva rangi ya dhahabu pembeni. Neema alinyoosha mkono, akachukua kimoja, akakipeleka kinywani. Benedikto alimpiga kibao cha mkono kwa nguvu hata kitumbua kikarukia mavumbini, naye mtoto akaangua kilio.

Kibwana alicheka sana. "Tazama ubahili huo! Hata mtoto wake!"

Benedikto alimtazama rafiki yake. Ulimi ulijua la kusema: tapika, Kibwana, tapika sasa hivi, ule mchele una sumu. Maneno hayo yalimfika kooni. Kisha akamwona Bi Prisca amesimama hatua chache kutoka pale, akasikia ndani ya kichwa chake neno polisi, akaliona shamba likichukuliwa. Labda moto umeiua sumu, alijiambia. Mafuta yalichemka. Labda haina nguvu kwa mtu mzima.

"Umekula vingi, utanenepa," ndilo alilosema.

"Nikinenepa nitakukalia!" Kibwana alijibu, akamwachia bakuli na kwenda zake kwenye mtumbwi. Benedikto alivimwaga vitumbua vyote chooni.

Mtumbwi haukufika mbali. Akiwa ufukweni, Benedikto aliwaona wahesabuji wakiinama na kuokota bata waliokuwa wakielea, mmoja baada ya mwingine. Waliokota na kwazi mmoja, aliyekufa na bata mzoga kwenye kucha zake. Kwazi ambaye tangu azaliwe hakugusa punje ya mpunga wa mtu. Kisha mtumbwi ukaanza kuzunguka pale pale, kwa sababu aliyeushikilia upondo alikuwa ameanguka.

Walimleta Kibwana zahanati kwenye machela ya kanga, Bi Prisca akibaki ufukweni na mizoga ya ndege. Benedikto alikuwa miongoni mwa waliombeba. Alishika upande wa miguu. Mate yalimtoka Kibwana kama povu na mwili mzima uliloa jasho. Tabibu Geofrey alimfunua macho, mboni zikawa zimesinyaa kama ncha ya sindano.

"Hii inafanana na sumu ya shambani," tabibu alisema upesi. "Kama ndiyo, nimwahishe hospitali kwa gari la watalii, maana dawa yake sina hapa. Kama siyo, safari hiyo itammaliza njiani. Amekula nini?"

"Vitumbua," Chausiku alijibu, akilia. "Nimevikaanga mwenyewe. Mimi sikula, nalipa funga yangu ya Ramadhani."

"Vitumbua haviui mtu. Kingine? Fikirini, jamani! Hakuna anayejua?"

Kibwana aligeuza kichwa. Macho yake hayakuwa yakiona vizuri, lakini yalielekea upande wa Benedikto. Benedikto akasema, "Jana nilimwona anakula samaki wa kuokota. Alikuwa ameoza kidogo."

Ulikuwa uongo mdogo. Tabibu, aliyekuwa hajui ashike lipi, alilishika hilo. Alimtundikia maji, akangoja. Kibwana alikata roho kabla ya adhuhuri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Chausiku.

Mazishi yalikuwa alasiri hiyo hiyo. Ua ulijaa watu. Watani wengine walikuwa wamekwisha kuvaa magunia na kujipaka majivu, mmoja akatembea na darubini ya vifuu akidai anamtafuta Kibwana mawinguni. Watu walicheka huku wakilia, kama mila inavyotaka. Lakini wote walikuwa wakimngoja mtani wa karibu kuliko wote.

"Yuko wapi Benedikto?" waliita. "Mtani gani huyu anajificha? Njoo uzuie jeneza!"

Alikuwa amejikunyata nyuma ya rundo la kuni. Walimvuta, wakamsukuma mpaka mlangoni, naye akaanguka kwenye kizingiti mbele ya jeneza. Watu wakadhani ameanza mchezo. Wakatulia wamsikilize.

"Hatoki huyu," Benedikto alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Hatoki mpaka mjue aliyemwua. Ni mimi."

Kicheko kililipuka ua mzima. "Huyo ndiye mtani sasa!" mzee mmoja alisema akijifuta machozi.

"Nimemwua kwa sumu! Niliitia kwenye mchele. Niliwategea bata."

Walicheka zaidi. Mtu mmoja alimpigia makofi. Benedikto akaangua kilio, akajipiga kifua, akawaapia kwa jina la Mungu kwamba anasema kweli; lakini kilio cha mtani msibani ni kichekesho kuliko vichekesho vyote, na kadiri alivyolia ndivyo walivyozidi kushikana mabega kwa kucheka. Katika maisha yake hakupata kuwa mkweli kama saa ile, na hakuna aliyemsadiki.

Bi Prisca peke yake hakucheka. Alisogea mbele taratibu. "Nimempasua bata mmoja leo," alisema. "Nimekuta mchele kooni mwake. Mchele, si mpunga. Bata wa ziwani ataupata wapi?"

Kicheko kilipungua, kikabaki huku na kule, kisha kikakatika. Kutoka ndani, miongoni mwa wanawake, Chausiku alitokeza akiwa amejitanda kanga nyeupe. Alisimama upande wa pili wa jeneza.

"Mchele wa kwenye ungo," alisema polepole. "Alikuja nao anacheka. Aliniambia, nimempata mtani leo." Alimtazama mtu aliyelala kizingitini mwake. "Daktari aliuliza. Wewe ulikuwa umemshika miguu. Daktari aliuliza, ukasema samaki."

Chausiku aliweka kiganja juu ya jeneza.

"Ondoka mlangoni, Benedikto. Mpishe mume wangu apite."

Miaka yote hiyo Chausiku hakuwahi kumwita ila mtani. Benedikto alilisikia jina lake mwenyewe likimwangukia, akajua kwamba utani wa mababu umekatika pale kizingitini, na yeye ndiye aliyeukata. Alijikokota pembeni. Jeneza lilipita kando yake bila mzaha wala neno, na mgambo walipomfunga mikono alikuwa bado amekaa chini.

Paskalia alishuka kumchukua Neema, wakarudi milimani kwenye lile shamba lililochoka. Mbuga ya mpunga imemezwa na matete, na bata-mwitu waliosalia wanalala humo. Kwazi aliyebaki hulia peke yake juu ya mti mkavu kila alfajiri, akinyamaza kidogo kati ya kilio na kilio kana kwamba anangoja kujibiwa. Chausiku akimsikia huacha kupepeta, akatega sikio, halafu akaendelea na kazi. Vitumbua hajavikaanga tena. Bata ndio waliotegewa, na bata ndio waliokula mpunga. Kibwana hakula hata punje ya haramu, alikula utani wake tu. Ama kweli, mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo.