Aliyeitengeneza Gemu Asiicheze

Vijana mliokaa nyuma na simu zenu, leo mfano wa mahubiri ni wenu, kwa hiyo sogeeni mbele. Wazee mtanivumilia, nitaeleza taratibu.

Palikuwa na bwana mmoja, mtaalamu wa kompyuta, na mdogo wake wa tumbo moja. Utoto wao waliumalizia kwenye banda la gemu, wakigombania zamu ya kucheza mpira wa kwenye skrini. Wakakua. Mkubwa akaoa, akabaki hapa. Mdogo akapata kazi ya ulinzi Uarabuni, akaenda. Kambini kwao wanalala wengi chumba kimoja, hakuna hata mmoja anayejua lugha yake, na msimamizi anawaita kwa namba zilizoandikwa kwenye mashati.

Siku moja akampigia kaka yake. "Kaka, imetoka gemu mpya ya mpira. Mnacheza hata mkiwa nchi mbili tofauti, na mnaongea humo humo. Ijumaa ndiyo siku yangu ya kupumzika. Ingia tucheze. Nina hamu ya mtu wa kunizomea kwa Kiswahili nikikosa goli."

"Hilo dogo," kaka akasema. "Ijumaa utanikuta."

Sasa, kompyuta ya huyu bwana ilikuwa ya Linux, na gemu ilitengenezwa kwa ajili ya Windows. Wazee, chukulieni hivi: gemu inaongea lugha moja, kompyuta inaongea nyingine, lazima pawe na mkalimani katikati. Mkalimani huyo yupo, ni programu, tena ya bure. Ila kwa gemu hii alikuwa na kigugumizi. Basi wataalamu wanaichukua programu ile ikiwa bado mbichi, wanaitia viraka, yaani marekebisho waliyoandika wenzao, halafu wanaiamuru kompyuta iijenge yote upya. Wenyewe wanaita kukompaili. Unaweza kubandika maharage yakaiva, ukala, ukaosha na sufuria, mashine bado inajenga. Na ikifika mwisho inaweza kukuambia imeshindikana, anza tena.

Ijumaa ikaja, viraka vimegoma. Akamwandikia mdogo wake, "Nivumilie, wiki ijayo." Wiki ijayo ikaja, vikagoma tena. Mkewe akaona mambo haya yamezidi.

"Mume wangu, jirani ana kompyuta ya Windows, na alishasema uende wakati wowote. Si ukacheze kwake na mdogo wako?"

"Nikienda kwa jirani nitakuwa nimeshindwa."

"Umeshindwa na nani?"

Akaigeukia kompyuta yake. Haya, nijibuni ninyi. Alikuwa anashindana na nani? Mdogo wake hakumwomba mkalimani. Alimwomba mpira kidogo na kelele.

Mdogo akapiga tena. "Kaka, wananihamishia kituo cha jangwani, huko mtandao hakuna. Ijumaa hii ndiyo ya mwisho. Tafadhali, hata kama ni kwa kuazima kompyuta ya mtu."

"Ijumaa hii lazima," kaka akasema.

Na kweli, mchana wa Ijumaa hiyo viraka vikakubali. Gemu ikafunguka. Uwanja ukatokea, nyasi zikatokea, mashabiki wakatokea. Bwana yule akasimama, akajipigia makofi peke yake. Akaangalia kasi, kasi nzuri. Akapiga picha ya skrini, akaituma kwenye kundi la wataalamu wenzake. Halafu, sikieni vizuri, akaifunga gemu. Kwa nini? Kwa sababu mmoja kwenye kundi alimwambia kuna kiraka kingine, ukikiongeza mashabiki hawakwami wanaposhangilia. Akaanza kukompaili upya. Watu wa ufundi huu wengi wako hivyo. Kwao gemu ikishafunguka kazi imekwisha, na kuicheza si kazi.

Mkewe akachungulia mlangoni. "Mmecheza?"

"Inafanya kazi."

"Nimeuliza kama mmecheza."

"Bado kidogo, naiboresha."

Alipomaliza kuiboresha jua lilikuwa linazama, na mdogo wake hakuwemo. Alikuta ujumbe tu. "Kaka, nilikuwa humu tangu asubuhi. Ulipofungua gemu jina lako liliwaka, nikawaita hata wale wenzangu waje wamwone kaka yangu. Likazima. Nimesubiri mpaka gari limefika. Basi, kazi njema."

Miezi ikapita ndipo mdogo akapatikana kwenye simu. "Shikamoo," akasema. "Mimi mzima. Nashukuru kwa kunipigia." Ndugu hawa walikuwa hawajawahi kuamkiana hivyo maishani, salamu yao ilikuwa utani na matusi ya nyumbani. Kaka akasema, "Ile gemu iko tayari. Inakwenda safi kabisa." Mdogo akajibu, "Hongera, kaka," kisha akasubiri kwa adabu mkubwa akate simu.

Naona mnatikisa vichwa, mnamsikitikia. Mimi simsikitikii. Nina hasira naye, na hasira hiyo nimeileta hapa kwa makusudi, kwa sababu hakuna haja ya kumtafuta mbali.

Sisi tuna kamati ya kutembelea wagonjwa. Ina mwenyekiti, ina kundi la simu. Tumekaa vikao kuamua kama twende na matunda au sabuni, kama twende Jumamosi au Jumapili, kama fulana za kamati ziwe za bluu au za kijani. Utaratibu tukauandika, tukaurekebisha, tukaurekebisha tena. Yule mama mjane aliyekuwa anakaa pale dirishani, mnamkumbuka? Alilala kitandani miezi mingi. Nyumba yake iko nyuma ya ukuta huu. Kwaya ikinyamaza, mwenye masikio alimsikia akikohoa. Nani kati yetu alikwenda? Tulikuwa tunasubiri fulana. Tulizivaa kwa mara ya kwanza siku tuliyomzika, na nasikia watu walisema tulipendeza.

Tunajenga, tunaboresha, tunapongezana. Mgonjwa anaona jina la kanisa limewaka, anajiinua kitandani, halafu linazima. Tukija kukumbuka kwenda, anatukaribisha kwa adabu kama wageni wa serikali. Mnafikiri hiyo ni heshima? Huyo ameshatuaga moyoni.

Kuna wagonjwa wengine wawili mtaa huu huu, na kamati imeniomba nitangaze kikao mara baada ya ibada. Sitangazi. Kikao hakipo. Tokeni kwa mlango huu mwende kwao hivyo mlivyo, mkae, mwongee nao mpaka wachoke na ninyi. Na kama kuna mtu humu ndani asiyejua nyumba zao ziko wapi, asiniulize mimi. Aone haya kwanza, halafu akaulize kwa majirani zao.