Zamu ya Maji ya Mzee Elieskia

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama wagonjwa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Na asiniulize mtu mwisho kabla sijafika.

Hapo zamani za kale, mlimani, palikuwa na kijiji kilichoishi kwa mfereji. Maji yalitoka juu msituni, chururu, chururu, yakapita shamba kwa shamba. Kila nyumba na zamu yake. Siku yako unatoa kizibo cha udongo na majani ya migomba, maji yanaingia kwako. Ukimaliza unaziba, mwenzako anafungua.

Mahindi yalistawi. Watu wakashiba, na waliposhiba wakamsahau Mungu. Hawakumtukana, la. Walimsahau tu. Kanisa lao wakaligeuza ghala la mahindi. Waliobaki kusali ni Mzee Elieskia na mkewe Naetwe. Jumapili wanasukuma magunia, wanapiga magoti. Watu wanacheka: "Mzee, unawaombea panya?" Naye anacheka nao. Hakuwa mtu wa kununa yule.

Mwaka mmoja mvua zikakataa. Maji yakawa ya kunyatia, chu... chu... Kila mtu akamchunga jirani yake kwa jicho la pembeni. Ndipo akakamatwa Kalage, kijana ambaye mkewe alikuwa ametoka kujifungua. Alitoboa ukingo, akaiba maji ya wenzake.

Shemboza, mkuu wa mfereji, akapiga pembe, puuu! Watu wakakusanyika. Hukumu ilikuwa ya mababu: mwizi wa maji afungiwe mfereji mpaka mavuno. Na atakayempa maji, naye afungiwe.

"Mke na mtoto watakula nini?" akauliza Mzee Elieskia.

"Angefikiria hilo kabla hajaiba," akadakia Nakijwa, mama mwenye ulimi mkali. "Na wewe mzee, dini yako iache kule kule kwa panya."

Mzee akarudi nyumbani. Zamu yake ilikuwa kesho, na mahindi yake yenyewe yalishaanza kukunja majani. Naetwe akamtazama usoni, akajua.

"Mzee wangu, usifanye hivyo. Tutaishije?"

"Sijui."

"Huogopi?"

"Naogopa. Tazama mikono yangu." Mikono ilikuwa inatetemeka. "Lakini Bwana alisema tumnyweshe mwenye kiu. Hakusema tuulize kwanza kama ameiba."

Naetwe akalia. Akalia sana. Kisha akamletea jembe.

Kesho yake, mchana kweupe, Mzee akafungua kizibo, akayaelekeza maji yote kwa Kalage. Chururu! Moyo wake du! du! du! Kalage amejishika kichwa.

Puuu! Shemboza huyo. "Mzee Elieskia, umefungiwa."

"Nimesikia, Shemboza."

Sasa hapa, wenzangu, mimi huingiwa na hofu hata leo. Kwa sababu hakikutokea kitu. Mvua haikunyesha. Malaika hakushuka. Mahindi ya mzee yakakauka, ukiyagusa, kacha, kacha. Yakabaki maharage machache tu. Jumapili wakapiga magoti ghalani, matumbo yananguruma, magunia ya watu yamewazunguka. Hawakugusa hata punje.

Nakijwa alikuja kuchukua mahindi yake. Akasimama mlangoni, akasikia Mzee anamtaja katika sala: "Ee Baba, mbariki Nakijwa na shamba lake." Akaondoka bila mahindi.

Zamu yake ilipofika, akafungua, akapeleka maji kwenye maharage ya Mzee Elieskia. Puuu! Nakijwa akafungiwa. Jirani yake akawatazama watoto wa Nakijwa, akashindwa kuvumilia, akampa zamu yake. Puuu! Akafungiwa. Aliyefuata akamwonea huruma huyo. Puuu! Nyumba baada ya nyumba, mpaka midomo ya Shemboza ikavimba.

Siku moja Shemboza akajikuta peke yake kwenye mfereji. Kijiji kizima kimefungiwa. Akafungua maji kwake, yakajaa shamba, yakamwagika njiani, na hakuna hata mtu mmoja wa kumwambia, "Ziba, ni zamu yangu." Akaogopa yule bwana! Akatupa pembe, akakimbia mpaka mlangoni kwa Kalage, anahema.

"Kalage! Njoo ufungue, ndugu yangu. Ni zamu yako."

Mahindi ya Mzee Elieskia hayakufufuka. Mwaka ule alikula vya kupewa, bakuli kutoka nyumba hii, bakuli kutoka nyumba ile. Wako waliorudi kusali, wako ambao hawakurudi. Mzee hakuwauliza. Ila nyumba zote zilimpelekea chakula.

Nawaambia basi: anayempenda Mungu hahitaji kuwapigia watu kelele. Ampende jirani yake aliyekosa, hata kama mikono inatetemeka.

Hadithi yangu imekoma hapa. Nilivyopewa, ndivyo nilivyowapa.