Bolti ya Rangi

Mtu mmoja alikuwa na ufundi mwingi na uvivu kidogo, na ule uvivu kidogo ndio uliomfikisha barazani. Jina lake Hizza, seremala katika mji mmoja wa pwani. Alitengeneza vitanda na milango, lakini kilichomweka mjini kilikuwa vibao vya mbuzi, vile vya kukunia nazi: mbao mbili zinazopishana kama mkasi, na mbele umechomoza ulimi wa chuma wenye meno. Pale mbao zinapopishana hupita bolti moja. Anayekaa huikabidhi bolti hiyo mwili wake wote, wala haiwazi.

Wanawake wa mji ule hawakununua kibao kwa kukikalia. Kibao hukaliwa kwa kutanua miguu, na duka la Fundi Hizza lilikuwa njiani, likitazamana na kijiwe cha wanaume wanywao kahawa. Mwanamke mwenye heshima zake alikipindua kibao, akagonga ubao kwa ukucha, akaitazama bolti, akaenda nacho. Kukikalia ni mpaka afike uani kwake na mlango ufungwe. Hizza aliijua haya hiyo, na kwa miaka mingi hakuitumia vibaya.

Wiki moja kabla ya harusi kubwa ya mtaani, bolti zikamwishia. Duka la vifaa lilikuwa mwendo wa robo saa, na jua lilikuwa kali. Vibao sita vilikuwa tayari kwa kila kitu isipokuwa bolti. Hizza akavitazama, navyo vikamtazama. Mwishowe akachukua misumari ya inchi tatu, akapigilia mmoja kwa kila kibao, ncha akazikunja upande wa pili. Kisha akachovya brashi katika rangi nyeusi, na juu ya kila msumari akachora kichwa cha bolti, pembe zote sita. Alikuwa na mkono mzuri, maskini. Alirudi nyuma hatua mbili akaangalia, akacheka peke yake, maana zilipendeza kuliko bolti za kweli. Akajiambia ni mara hii tu. Alikuwa mtu mwema, na watu wema nao hujiambia hivyo.

Kibao kimoja kilinunuliwa na Bi Somoe. Huyu alipika maharage ya nazi, na nusu ya mji ilipata staftahi yake kwake. Hakuwa na mume wala mtoto wa kumsaidia, alikuwa na mikono yake miwili, basi. Siku ya kukuna nazi za harusi wanawake walikusanyika uani, kila mmoja na kibao chake, kwa sababu mji ule uliona kuazima kibao shughulini ni sawa na kuazima mswaki. Bi Somoe akaketi juu ya kibao kipya. Alikuna nazi kumi na moja huku akiimba. Ya kumi na mbili hakuimaliza. Msumari ulinyooka, mbao zikaachana, na Bi Somoe, mtu mzima mwenye mwili wake, akaenda chali, sinia la nazi likamfuata kifuani. Wenzake wakacheka, Mungu awasamehe. Hata yeye alianza kucheka. Kisha akajaribu kujiinua kwa mkono wa kulia, na kicheko kikakoma. Mfupa ulikuwa umevunjika juu kidogo ya kiganja.

Siku ya tatu Fundi Hizza aliitwa kwa mwenyekiti wa mtaa. Bi Somoe alikuwa amekaa upande mmoja, mkono ndani ya plasta nzito hadi kiwikoni, na nyuma yake wanawake wote wa siku ile. Jiko lake lilikuwa limezimika tangu siku hiyo, na daktari alisema wiki sita. Hizza alimwonea huruma. Lakini alijionea huruma zaidi, kwani seremala akishaharibikiwa jina mjini, hata jeneza haagizwi.

Kwa hiyo akajitetea, na alijitetea vizuri. Alisema kibao kilitoka dukani kwake kikiwa kizima, na mama mwenyewe alikigonga kwa ukucha. Alisema kibao ni cha nazi mbili tatu za nyumbani, si cha shehena ya harusi. Alisema kiliwekwa juu ya mchanga badala ya sakafu. Aligusia, kwa adabu zote, habari ya uzito. Alisema nazi za mwaka ule zilikuwa ngumu. Na kama ni bolti, basi aulizwe aliyeiunda, yuko kiwandani, mbali. Kiwanda hakikuwapo barazani, na kwa kuwa hakikuwapo, watu wakaanza kuona kwamba huenda kosa ni la kiwanda. Tena kibao chenyewe hakikuweza kuonyeshwa: wapishi walikitia kuni chini ya sufuria la pilau, na pilau ile mji mzima uliila. Mwenyekiti, ambaye alikula sahani mbili, alitikisa kichwa kuikubali kila hoja. Akafikia kusema kwamba jambo hili ni bahati mbaya, halina mwenyewe, na pande zote mbili zipeane mkono yaishe. Bi Somoe akautazama mkono wake.

"Mwenyekiti, mimi maneno mengi siyawezi," akasema. "Vibao vitano vimebaki dukani kwake, vilizaliwa siku moja na hicho kilichoniangusha. Kiletwe kimoja, Fundi akikalie, anikunie nazi moja tu. Akimaliza, kosa ni langu na mwili wangu."

Wanawake wawili wakaenda, wakarudi nacho. Kikatandazwa katikati ya watu, nazi ikapasuliwa. Hizza alikuwa mwembamba; mtu yeyote angesema hana la kuhofia. Lakini yeye peke yake pale ndiye aliyejua kilichokuwa chini ya ile rangi. Alijaribu kukumbuka ni msumari gani kati ya ile mitano uliopinda wakati wa kuupigilia, asikumbuke. Jasho likamtoka. Akatanua miguu, akainama, akashuka, akashika kifuu, akaanza kukuna. Alikuna kwa bidii, uso umekaza, mapaja yakimtetemeka. Mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma yake akainamisha kichwa, akachungulia, akachukua ufagio uliokuwa ukutani, akaupitisha taratibu kati ya makalio ya Fundi na ubao. Ufagio ukaingia huku, ukatokea kule.

Watu wakacheka wote, hata mwenyekiti, na Hizza akasimama, uso umemwiva kwa aibu. Angeweza bado kutafuta neno. Badala yake aliinama, akakwaruza bolti kwa ukucha wa kidole gumba, na bolti yote ikabaki kwenye ukucha. Akamwonyesha Bi Somoe kidole hicho. "Ni rangi, mama," akasema, akalia.

Bi Somoe hakumlaani. Alimwambia amevunjiwa mkono, na sasa anataka mkono. Siku hiyo hiyo Hizza alikwenda duka la vifaa kwa miguu, akavivunja vile vibao vitano, akatengeneza kimoja kipya chenye bolti ya kweli. Na kwa wiki sita, kila alfajiri, alikaa nje ya jiko la Bi Somoe mbele ya wanaume wa kahawa waliofuata staftahi, ametanua miguu kama mwari anayefundwa kazi, akimkunia nazi. Walimkejeli mpaka kejeli zikawaishia. Yeye alikuwa amekaa, mwili mzima, hana wasiwasi.

Nanyi mlioketi hapa mkimcheka seremala: kazi ya mikono yenu mliyowakabidhi wenzenu wiki hii, ikiletwa sasa katikati yetu, ni nani atakayeikalia kwa uzito wake wote?