Beberu wa Mwenyekiti

Amfungaye mbuzi ndiye amkatiaye majani.

Ndivyo mlezi wenu alivyomwambia baba yake Yunesi asubuhi hii getini pa kituo hiki cha kuachia ulevi, yule bwana alipomshusha binti yake na begi lake, akasema, "Akishapona mtanipigia simu," kisha akaenda zake. Nyinyi mkacheka, mkadhani mlezi ana mbuzi anayemtafutia mchungaji. Sasa mnaniuliza maana yake. Haya, kaeni, mchambue maharage hayo huku mnasikiliza, na asinikatize mtu. Msemo huu ulizaliwa kijijini kwetu, huku huku milimani Upare, nami nilikuwepo ulipozaliwa. Nilikuwa ndani, upande wa giza.

Kijiji chetu kilikuwa na sheria ya mbuzi. Masika yakianza na mbegu zikishaingia ardhini, hakuna mbuzi wa kuzurura, kila mtu amfunge wake nyumbani. Lakini sheria hiyo ilikuwa na upande wa pili, na wazee waliushika huo kuliko wa kwanza. Ukimfunga mbuzi umemnyima miguu yake, basi utumie yako kumtafutia majani na maji. Mbuzi akilia kwa njaa kambani, mpita njia yeyote alikuwa na ruhusa ya kuingia uani kwako na kukusema mbele ya wanao, nawe ukanyamaza. Tulikuwa watu wenye huruma sana, kwa mbuzi.

Watoto walikuwa habari nyingine. Tulikuwa watano, wavulana wanne na mimi, hakuna aliyefikisha miaka kumi na minane. Tulianza na pombe ya miwa kwenye harusi za watu, gongo ikafuata, kisha gundi ya mafundi viatu, tukiinusa nyuma ya machinjio. Msiniulize kwa nini, mnajua wenyewe. Tuliiba kuku, tukaiba masufuria, na Mbonea, mtoto wa Nakijwa, alimpasua mwalimu kichwa kwa jiwe. Kijiji kikachoka nasi. Nasema kweli, kilikuwa na haki ya kuchoka.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Senkondo, akaitisha mkutano. Akasema tutiwe katika ghala la zamani la kahawa mpaka akili zituruidie. Hata jina zuri alilipata, Nyumba ya Marekebisho, likaandikwa mlangoni kwa chokaa. Akauliza nani anaafiki. Mikono ikapanda, wa baba yangu ukiwemo. Nakijwa peke yake hakuinua wake. Aliuliza, "Na mle ndani atakuwemo nani wa kuwarekebisha?" Watu wakamcheka.

Mlango ukapigwa kufuli. Ugali ulipitishwa dirishani mara moja kwa siku, kama mwenye zamu alikumbuka. Mwili uliozoea pombe ukiikosa hutetemeka, hutapika, huona wadudu ukutani ambao hawapo. Hakuna aliyetuambia kwamba hayo yatakuja, wala hakuna aliyemwita mganga wa zahanati. Tulilia. Tuliupiga mlango mpaka viganja vikavimba. Watu wa kitongoji cha juu wakaamua kuhamisha njia yao ya kisimani ili wasitusikie. Njia hiyo mpya ipo mpaka leo, na kila nikiipita natema mate.

Nakijwa alikuja kila siku nyuma ya ghala, akagonga ukuta, na Mbonea akagonga kumjibu. Siku moja Mbonea hakujibu. Alikuwa amelala miguuni pangu, midomo imekauka, kila tone la maji nililompa alilitapika, wala hakunitambua mimi ni nani. Nikapiga kelele ukutani, "Mama Mbonea, hainuki! Mwenzetu hainuki!" Nikasikia miguu yake ikienda mbio kwa mwenyekiti. Jibu alilopewa alinisimulia mwenyewe baadaye. Mzee Senkondo alisema, "Mama, hizo ni hila za walevi. Uchungu ndiyo dawa. Mwache akome."

Hebu fikirini mama anaambiwa hivyo.

Asubuhi yake Nakijwa aliingia uani kwa mwenyekiti, wenyewe wako shambani, akamfungua beberu wao mweupe. Si mbuzi wa hivi hivi. Alikuwa ananoneshwa awe ndafu, mbuzi wa kuchomwa mzima, ya harusi ya binti wa mwenyekiti, amepigwa mswaki anang'aa. Nakijwa akamkokota mpaka mlangoni pa ghala, akamfunga kwa kamba fupi, akaketi kando yake na panga mapajani. Hakumpa hata jani moja.

Sisi ndani tulisikia beberu akianza kulia. Alikuwa na sauti yule! Jua halijafika utosini, tukasikia miguu ya watu. Walewale waliohamisha njia walikuja wakikimbia. Nililala kifudifudi nikachungulia chini ya mlango, nikaona miguu ya kijiji kizima imejaa pale, na yote ilikuwa imeelekea kwa mbuzi.

"Jamani, kiumbe wa Mungu huyu! Mpeni maji!" mwanamke mmoja alilia. Mtu akaja na mzigo wa majani. Nakijwa akasimama na panga lake.

"Anayemkaribia mbuzi huyu aanze na mimi."

Mwenyekiti akafika anahema.

"Nakijwa, umerukwa na akili? Mnyama huyu amekukosea nini?"

"Alikula maharage yangu mwaka jana. Ni mkorofi. Namrekebisha."

"Kwa kumfunga bila majani?"

"Akili itamrudia tu, mwenyekiti. Uchungu ndiyo dawa."

"Unanichezea! Sheria unaijua tangu ulipozaliwa. Amfungaye mbuzi ndiye amkatiaye majani!"

"Rudia."

"Nimesema, amfungaye mbuzi..."

"Kwa sauti, mzee wangu. Waliomo ndani wasikie."

Hakurudia. Hapo nikaupiga mlango kwa kiganja, mara moja tu, maana nguvu zilikuwa zimeniishia.

"Mbuzi mmemsikia kutoka kitongoji cha juu," Nakijwa akasema. "Hawa nani aliwafunga? Si nyinyi, kwa mikono yenu mliyoiinua? Majani yao yako wapi?"

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mwenyekiti. Nakijwa akamnyang'anya, akafungua mwenyewe. Mbonea alibebwa juu ya kitanda cha kamba mpaka zahanati, na kutoka huko akapelekwa hospitali. Aliishi, lakini mganga alisema tungengoja siku moja zaidi tungechimba kaburi.

Msidhani watu waligeuka malaika. Baba yangu alinitazama, akasema nimekonda, basi. Nakijwa ndiye aliyesimama mkutanoni akataka kila aliyeinua mkono apangiwe zamu. Si zamu ya kuhubiri, mahubiri tulikuwa nayo tele. Zamu ya kula nasi, kulima nasi, kutupeleka kwa mganga, kukesha nasi mwili ukianza kutetemeka. Wengi walinung'unika. Walikuja hivyo hivyo, wakinung'unika, na mimi kunung'unika kwao kulinifaa kuliko kile kimya cha ghalani.

Mwenyekiti alipewa Mbonea. Kila asubuhi walitoka pamoja kumkatia majani yule beberu, wakigombana njia nzima. Mbonea alitoroka akarudia gongo, tena si mara moja, na mzee yule akamfuata hadi kilabuni, akakaa nje kwenye gogo akimngoja, bila kamba, bila fimbo. Beberu aliliwa harusini, ndiyo, mlitaka afugwe mpaka azeeke? Mbonea ndiye aliyemkata.

Kiondo, mdogo kuliko sote watano, hatukumwokoa. Aliyepangiwa zamu yake alisema ana kazi nyingi, atakuja wiki ijayo. Kiondo akaenda mjini, na habari tuliyoletewa ilikuwa ya maziko. Miaka yote hii bado sijamsamehe mtu yule, wala sijitahidi.

Yunesi, inua uso. Nilikuwa hapo asubuhi, nilimwona baba yako alivyoondoka. Jumamosi ni siku ya wazazi na mlezi amemwambia. Asipotokea, nitakwenda kwake mimi, na magoti yangu haya, nimfunge mbuzi mlangoni pake alie mpaka majirani watoke wote. Akiniuliza mnyama amekosa nini, nitamjibu mbele yao:

Amfungaye mbuzi ndiye amkatiaye majani.